Walimu Wawili wa Kazi Moja

Mwalimu mkuu wa sasa, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kupenga kamasi, ameniomba niwaandikie ninyi walimu vijana mambo ya kazi kabla sijayasahau. Alinionya nisiandike habari za mishahara, maana mtacheka, wala za vyeo, maana nitajisifu. Basi nitaandika jinsi nilivyoitafuta kazi yenyewe. Siku hizi mnatumwa na serikali kwa karatasi, mnafika na kitanda chenu juu ya lori. Sisi tulikuja kwa miguu, na tulipofika hatukujua kama kazi ipo.

Miaka ya thelathini ilipoanza nilikuwa mwalimu wa misheni kwetu, upande wa ziwa. Baba akafa. Nilinyoa nywele, nikakimbiza ng'ombe pamoja na ndugu zangu kufukuza mauti, kama mtoto wa kiume anavyopaswa kumfanyia baba yake, kisha nikarudi darasani. Mkubwa wa misheni akataka nisimame kanisani nitubu. Nilimjibu kwamba dhambi ninazo nyingi na niko tayari kuanza na yoyote, lakini kumzika baba si mojawapo. Nikafukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Habari ikanitangulia kila nilikokwenda kuomba kazi, na mke wangu Dorka alikuwa na mimba ya kwanza.

Kaka yake Dorka, Omolo, alikuwa nyapara wa wachuma chai katika shamba moja upande wa Kaplong. Alituma neno kwa mtu aliyekuja likizo: "Mwambie shemeji aje. Wazazi wa huku wamejenga shule yao wenyewe. Padri hayuko ndani, bwana shamba hayuko ndani, na mwalimu pia hayuko."

Watu waliiita hivyo hivyo, shule ya wenyewe. Walikuwa wamechoka kuona watoto wakirudi kutoka shule nyingine wakijua nyimbo na jembe tu. Wao walitaka Kizungu, maana waliona kwamba karani anayejua Kizungu hukaa chini ya paa mvua ikinyesha. Mzee mmoja Mkipsigis, Arap Maritim, ambaye malisho yake yalipakana na chai, alitoa ardhi. Wafanyakazi wa laini, yaani zile safu za vibanda vya shamba, Wajaluo na Waluhya, walileta miti na mbao za masanduku ya chai yaliyovunjika. Kina mama wa pande zote walikandika kuta, wakiongozwa na Mama Rebeka, Mluhya mmoja mpole aliyewahi kuwa yaya katika nyumba ya Wazungu. Kwa kumlisha mwalimu mmoja, wazazi walikuwa na uwezo. Kwa wawili, hapana.

Sasa sikilizeni kosa lao, maana ndilo lililonipa maisha yangu. Siku nyumba ilipokwisha kuezekwa, kamati ilikaa ikasema, "Mwalimu atafutwe." Haikusema na nani. Kwa watu wa huku, likisemwa jambo namna hiyo, kila mwanamume mwenye heshima zake anajiona ndiye aliyeambiwa. Tena mtu hatangazi windo kabla hajapata nyama, asije akachekwa. Kwa hiyo Omolo alinitafuta mimi kimya kimya, na Arap Maritim, kimya kimya vilevile, akatuma mtu Siongiroi kumwita mpwa wake.

Tulifika Jumatatu tukiwa tumelowa, Dorka na mimi na sanduku letu la bati. Mlangoni pa shule, ambapo hapakuwa na mlango bado, alisimama kijana mrefu mwenye kaptula ya kaki, soksi zimevutwa hadi magotini, na helmeti kwapani. Nilidhani ni karani wa shamba aliyetumwa kuifunga shule. Yeye aliliangalia sanduku langu.

"Chamgei. Wewe ndiyo fundi ya mlango?"

"Mimi ni mwalimu."

"Mwalimu ya wapi?"

"Wa hapa."

"Mwalimu ya hapa ni mimi," akasema, wala si kwa ukali, kama mtu anayekueleza kwamba umekosea njia.

Hapo Omolo na Arap Maritim wakatokea kutoka pande mbili, kila mmoja akija kumwonyesha mwenzake mwalimu wake. Nyuso zile sitazisahau.

"Omolo, hii ni nani?"

"Ni mwalimu, mzee. Nimeleta. Na huyu?"

"Mwalimu," akasema Arap Maritim kwa sauti ndogo. "Mimi pia nimeleta."

Wakatazama chini. Kisha wakafanya kile watu wa huku wanachofanya mambo yakiharibika, wakaagiza chakula. Kwa Arap Maritim yalikuja maziwa ya kibuyu, yale ya kijivu yanayonukia moshi. Kwa Omolo ukaja ugali na samaki mkavu. Tulikula vya pande zote mbili, na ndipo mambo yakaharibika kabisa. Aliyekula kwako kama mgeni humwambii aondoke, na mgeni naye hana mdomo wa kuuliza kama kazi anayo au hana. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu tukapewa shule, leo yeye na kesho mimi, hadi kamati itakapoamua.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa moja, ya chumba kimoja. Kijana yule, Arap Sigei, alilitazama tumbo la Dorka mara moja tu, akabeba vitu vyake akaenda kulala darasani juu ya mabenchi. Dorka akawa anampelekea uji kila asubuhi. Mimi sikufurahi. Ni vigumu kumchukia mtu anayekunywa uji wa nyumbani kwako na kuusifu.

Ninyi mnaolalamika juu ya vifaa, niwaambie vyetu. Ubao ulikuwa mbao za masanduku ya chai, tumezipaka masizi yaliyochanganywa na maji ya majani. Darasa lote lilinuka chai, na wino wetu wa kwanza tulioutengeneza wenyewe ulinuka hivyo pia. Chaki tulichimba mtoni, udongo mweupe, tukaukanda, tukauviringisha na kuukausha karibu na moto. Ukiukausha haraka unapasuka. Ukiukausha polepole watoto wanaula. Watoto wa laini walichuma chai asubuhi na mama zao, wakaja kwetu mchana vidole vyeusi na macho yakifumba. Na mchana ndipo mvua ya mawe inapopenda kuja. Basi shikeni hili: mbingu ikiwa nyeusi upande wa msitu, acha hesabu, imbisha watoto. Tangu tuwekewe mabati ni lazima zaidi.

Siku zisizokuwa zangu nilikaa nyuma ya ukuta nikisahihisha, yaani nikisikiliza. Nilitumaini kumsikia akikosea. Nilimsikia akimfundisha mtoto wa Kijaluo kugawanya kwa kutumia mafungu ya samaki, yeye Mkipsigis ambaye kabla ya wiki ile hakuwahi kumgusa samaki. Niliona wivu, nao ulikuwa wivu halali, maana alikuwa mwalimu mzuri.

Kisha likaja jambo lililonionyesha udhaifu wangu. Mwanafunzi mmoja mkubwa alikuwa ameingia kwenye tohara ya kwao, akakaa huko porini majuma kadhaa, akarudi. Mimi nilifurahi kumwona nikamwita kwa sauti, "Kibet, karibu, kaa pale pale pako." Kijana alinitazama kana kwamba nimemmwagia maji, akachukua fimbo yake akatoka, na wenzake wa rika lake wakamfuata wote. Nilibaki na watoto wadogo na ubao.

Arap Sigei aliwafuata mtoni, akakaa nao hadi jioni. Aliporudi alinieleza taratibu. "Hilo jina ni ya mtoto, Elisha. Yule mtoto hayuko tena. Ukimwita hivyo mbele ya watu, umemrudisha kwa mama yake. Sasa yeye ni arap, yaani mwana wa, na jina ya baba yake."

"Nitawaambia nini?"

"Usiseme kitu. Kesho mwite vizuri, halafu mpatie kazi ngumu."

Nilifanya hivyo, wakarudi wote. Kumbukeni kwamba alikuwa akishindana nami kwa ile kazi. Angeweza kuniacha nikose watoto nusu nzima ya shule, na hakuna ambaye angemlaumu.

Mavuno yakapita, chakula kikaanza kupungua, na wazazi wakasema sasa imetosha. "Mafahali wawili hawakai zizi moja," Omolo aliniambia akitazama pembeni. Mkutano ukaitwa Jumapili baada ya ibada. Mmoja atachaguliwa na mwingine atashukuriwa. Usiku wa kuamkia siku ile Dorka hakulala wala mimi sikulala, maana tulijua kilichokuwa mbele yetu. Kwetu hakuna shule ambayo ingenichukua. Hapa, nikikosa, ningetia kidole gumba kwenye tiketi ya kuchuma chai kesho yake, na mtoto wetu angezaliwa laini.

Walikuja wengi, wakajaa nje hadi kwenye ua wa ng'ombe. Shida yao ilikuwa moja: walitaka mwalimu mwenye Kizungu kingi, na kati yao hakuna aliyekijua cha kupimia. Omolo ndiye aliyetoa shauri. Tusimame mbele yao, mimi na Arap Sigei, tuzungumze Kizungu sisi kwa sisi bila kuacha. Atakayenyamaza kwanza, basi chake kimekwisha.

"Hiyo ni haki," wakasema wote, wakakaa vizuri kwenye nyasi.

Tulianza na yale tuliyofundishwa vitabuni. Nilimwuliza habari za afya yake. Akaniuliza kama napenda machungwa. Nikamwambia kalamu yangu iko juu ya meza, ingawa meza haikuwepo. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Lakini maneno ya vitabuni yana mwisho, na tulipoufikia tulitazamana, tukaona kwamba hakuna anayetusikia ila sisi wenyewe. Hapo tukaanza kusema kweli. Nawaandikia kwa Kiswahili, maana Kizungu chetu cha siku ile hakifai kuandikwa.

"Kwa nini uliacha misheni?" akaniuliza, kwa sura ile ile ya machungwa.

"Nilimzika baba kwa desturi yetu. Wakataka nitubu."

"Ungetubu tu. Maneno tu."

"Sikuwa na majuto. Ningesema ninayo, ningekuwa nimemzika mara mbili."

Arap Maritim aliinua kidole kuwaonyesha majirani zake jinsi mpwa wake anavyohoji.

"Na wewe," nikasema, "ukikosa hapa utakwenda wapi?"

"Nyumbani. Baba aliuza mafahali wake wawili, nisome shule ya serikali. Ndugu zangu walikataa, akauza. Sasa wakiniona wananiuliza, mafahali wako wapi? Tunaona soksi tu." Alijaribu kucheka. "Baba amezeeka. Nikirudi hivi, hatatoka tena kukaa na wenzake. Ataona—"

Akanyamaza. Omolo akaanza kuinua mkono. Kazi ilikuwa pale pale, sikuwa na la kufanya ila kufunga mdomo. Nilimwona Dorka pembeni ameshika mgongo kwa mkono, na nawaambia kweli, nilitaka kunyamaza. Lakini nilimtazama yule kijana mrefu anayetafuta pumzi mbele ya watu wa kwao, nikashindwa.

"Mafahali hao," nikamwuliza haraka, "walikuwa rangi gani?"

Sijui Mkipsigis anayeshindwa na swali la ng'ombe. Alifumba macho, akaanza. Mmoja alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe begani. Pembe moja ilitazama chini tangu alipopigana na fahali wa jirani. Wa pili alikuwa wa kijivu, mvivu, aliyependa kulala njiani na kuwazuia watu. Alieleza walivyolia, walivyotembea, nani mama yao. Kizungu kilimtoka kama maji, na palipokosekana neno alionyesha kwa mikono, hata wazee wakaanza kutabasamu bila kujua kwa nini. Alipomaliza aliniuliza juu ya baba yangu, nami nikasema mpaka mimi ndiye niliyefuta macho.

Hapo Mama Rebeka akasimama. Mwanamke kusema katika mkutano ule halikuwa jambo la kila siku, lakini kuta zilikuwa zake.

"Wazee, mimi naomba mkutano iahirishwe," akasema. "Hawa wote hakuna amenyamaza. Na mvua hii hapa. Haraka haraka haina baraka."

Mvua kweli ilikuwa imefika. Mawe ya kwanza yaliwapiga wazee vichwani na mkutano ukaisha kwa mbio.

Jioni Mama Rebeka alikuja kwa Dorka na kuni. "Mwambie bwana yako nilisikia yote," akasema. "Nimelea watoto ya Wazungu mpaka wakaenda ng'ambo, hiyo maneno itanipita wapi? Hii kitu haitaki kura. Inataka siku." Sikuamini kwamba angeweza kufanya lolote. Lakini mkutano ulipoitwa tena alisema chai imekuja kwa wingi na kina mama wamechoka. Uliofuata aliuzuia kwa matanga. Mwingine kwa vijana waliokuwa wanatoka porini. Katikati ya hayo Dorka alijifungua mtoto wa kike, na kina mama wa pande zote mbili walikuja na maziwa na unga. Watoto wa laini za mashamba mengine wakasikia kuna shule yenye walimu wawili wa Kizungu, wakaja, na wazazi wao wakaja na vibaba vyao. Chakula kikatosha. Siku moja nikasikia Omolo akisema "walimu wetu", na tangu hapo sikusikia tena habari ya mkutano.

Tulifundisha pamoja hadi serikali ilipoichukua shule na baada ya hapo pia. Arap Sigei alinitangulia kustaafu. Siku ya kuagwa kwangu, wageni walipokwisha kuondoka, nilipanda mlima hadi nyumbani kwake tukakaa nje na chai yetu. Mjomba wake, Arap Maritim, alikwisha kufariki zamani. Nikamkumbusha siku ile ya Kizungu, nikajigamba kidogo, maana miaka yote nilihesabu kwamba siku ile nilimwokoa.

"Elisha," akasema, "siku ile mimi nilikuwa nimekosa kazi tayari."

Nikamwuliza kwa vipi.

"Asubuhi mjomba aliniita. Aliniambia, wewe ni damu yangu, nikikwambia urudi nyumbani utakasirika, halafu itaisha. Yule ni mgeni, na bibi yake ana mimba. Mgeni siwezi kumfukuza. Mkimaliza kuongea nitasimama niseme tuchukue yeye, na hakuna mtu atanipinga."

Kama si Mama Rebeka na ile mvua, mzee angesimama. Basi kazi ilikuwa yangu tangu asubuhi, yangu peke yangu, na aliyelijua hilo ndiye aliyesimama mbele yangu akiulizia afya yangu na machungwa.

"Na bado ulikuja ukaongea?"

"Nilitaka watu wasikie hata mara moja," akasema. "Ili mtu amwambie baba kwamba ile ng'ombe haikupotea bure."

Mimi ambaye siku ile nilishinda kwa kutonyamaza, nilinyamaza hapo hadi chai ikapoa, na sikuona haya machozi yaliponitoka mbele yake. Aliniacha nimalize.

"Sasa niambie kweli," akasema baadaye, "kama ungeachiwa hiyo shule peke yako, ungekaa muda gani?"

Nikafikiria kila mwaka niliokaa hapo, mmoja baada ya mwingine, nikamjibu kwamba nisingefika Krismasi.